Goma: kinga nayo yahitaji kinga kabla ya kupanda ndege

Kijana wa Goma anayealikwa kushindana kwa kinga huko Kinshasa anajiuliza swali ambalo mwenzake wa Lubumbashi hana haja ya kulirudia mara nyingi: kinga yangu itafika nzima? Miguu yake anaijua, amepanda nayo mulima wa Sake na kushuka. Kinachomutisha ni ile kartoni ndefu ambayo itapita katika mikono ya watu asiowaona, mara tano au sita, mbele ya kufunguliwa tena.

Hapa kwetu baiskeli tunaiita kinga. Wasomaji wetu wa Dar es Salaam na Mombasa watuvumilie, kwani kwao neno hilo ni la kujilinda na hatari. Safari hii maana hizo mbili zimekutana, na ndiyo sababu tumeamua kutoa nafasi ya tahariri kwa jambo ambalo wengine wataliona dogo, hasa katika muji wenye shida kubwa kama wetu. Kwa kijana asiye na kazi nyingine, kinga ya mashindano ndiyo mali yake yote. Ikivunjika njiani hana ya pili, wala hana benki ya kumukopesha: benki za Goma zilifunga milango Januari 2025.

Tukumbuke tulipotoka. Uwanja wa ndege wa Goma umezoea kujeruhiwa. Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka ndani ya muji, ukafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, na kwa miaka mingi ndege zilibaki na karibu kilomita mbili tu kati ya tatu. Hata hivyo ziliendelea kutua. Mtu alitoka Birere asubuhi, akapanda ndege, na masaa matatu hivi baadaye yuko Ndjili. Mzigo uliingia ndege moja ukatoka ndege hiyo hiyo.

Hayo yaliisha mwishoni mwa Januari 2025, muji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23. Ndege za abiria ziliacha kutua Goma, na Februari uwanja wa Kavumu ukafuata njia hiyo. Tarehe 30 Oktoba 2025, huko Paris, rais wa Ufaransa Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma utafunguliwa kwa ajili ya ndege za misaada. AFC/M23 wakajibu kwamba jambo hilo liliamuliwa bila wao. Hata ungefunguliwa kwa namna hiyo, ndege ya kuleta dawa haibebi kinga ya mtu.

Basi mkaaji wa Goma anayetaka kufika katika mukubwa wa miji ya inchi yake anatoka kwanza nje ya inchi hiyo. Wengi wanavuka kwenda Gisenyi na kufuata barabara ya Kigali, kilomita 150 na zaidi za milima na kona. Wengine wanapita Bunagana, Kisoro na Mbarara mpaka Entebbe, safari ya siku nzima kama barabara ni nzuri. Na ukifika Kigali bado hujapata njia iliyonyooka: tangu Februari 2025 ndege zilizoandikishwa Rwanda zimekatazwa kupita anga ya Kongo, kwa hiyo unazunguka kupitia Nairobi, Entebbe au Addis Ababa.

Tuhesabu pamoja mikono itakayoshika ile kartoni. Mwenye moto au taksi kutoka nyumbani mpaka mpakani. Wabebaji wa mpakani. Watu wa ushuru wa pande mbili. Kijana wa basi anayesukuma mizigo chini ya gari. Wapakiaji wa Kigali. Wapakiaji wa uwanja wa kubadilisha ndege, usiku, na ndege ya pili inangoja. Wapakiaji wa Ndjili. Mzigo mara nyingi hauumii ndege ikiwa angani. Unaumia chini, unapotupwa, unapowekwa juu yake sanduku la kilo 30, unapolazwa ubavu ambao hukupanga.

Mwandishi wa mistari hii alijifunza hayo kwa hasara yake, miaka kadhaa mbele ya vita kufika mjini. Alifunga kinga yake kwa usiku mmoja, kwa haraka, katika kartoni aliyopewa na muuzaji, bila kuweka kitu chochote kati ya miguu miwili ya uma wa mbele. Alipofungua, uma ulikuwa umekunjamana kama kijiko, na kile chuma kidogo kinachoshika deraya kilikuwa kimepinda. Kampuni, ambayo hatutaitaja, ilimuonyesha karatasi aliyotia sahihi bila kusoma: kwamba mzigo umefungwa vibaya na wao hawahusiki. Walikuwa na haki, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Kwa hiyo tuseme wazi namna ya kufunga, maana mafundi wetu wa Goma wanajua kutengeneza kinga kuliko wengi, lakini ni wachache wamewahi kuifunga kwa ndege.

Kartoni inapatikana kwa wauzaji wa kinga mpya, na mara nyingi wanaitoa bure au kwa feza kidogo, kwa sababu kwao ni takataka. Chagua ile yenye kuta mbili, na uiangalie pembeni kama haijaloa, kwa sababu kartoni iliyowahi kuloa imekwisha kufa hata kama inaonekana kavu. Kuna wanaosifu masanduku magumu ya plastiki. Ni mazuri, hatukatai. Lakini sanduku hilo peke yake lina uzito wa kilo 10 na zaidi, na bei yake ni mamia ya dola. Kinga ya mashindano ina kilo 8 au 9. Ukiweka kinga hiyo katika kartoni ya kilo 3 au 4, bado uko mbali na kilo 23 ambazo kampuni nyingi zinakubali kwa mzigo mmoja, na utaweza kuongeza viatu, kofia ngumu na nguo, ambavyo navyo vinasaidia kujaza nafasi.

Kazi inaanza na pedali, na ndipo wengi wanapovunja kitu mbele hata ya safari. Pedali ya kuume inafunguka kama parafujo nyingine zote. Ya kushoto ni kinyume: ukiisukuma kwa mazoea unaikaza, na kadiri unavyotumia nguvu ndivyo unavyoikaza zaidi. Tumeona watu wazima wakipanda juu ya funguo ya 15 kwa miguu miwili. Njia rahisi ya kukumbuka ni hii: simamisha funguo juu ya pedali, kisha ivute kuelekea nyuma ya kinga. Pande zote mbili zinafunguka hivyo. Paka grisi kidogo siku ya kurudisha, utajishukuru mwenyewe.

Mbele ya kushusha kiti, zungushia skochi pale bomba lake linapoingia katika kadre, ili ukifika usitafute tena urefu wako. Legeza usukani, ugeuze na kuulaza sambamba na kadre, bila kukunja nyaya za freni. Ondoa gurudumu la mbele, na katika kartoni fupi ondoa la nyuma pia. Toa zile ekseli nyembamba katikati ya magurudumu, kwa sababu ndizo zinazotoboa kartoni na kukwaruza kadre. Kila kitu kidogo, yaani ekseli, parafujo na pedali, kiingie katika kifuko kimoja cha kitambaa, na kifuko hicho kifungwe kwa kamba kwenye kadre. Usikiache kitembee ndani: kartoni ikitoboka, parafujo moja ya kushika usukani inaweza kubaki Nairobi, na mashindano yako yakabaki nayo huko.

Deraya ya nyuma, kile kifaa kinachohamisha mnyororo, ndiyo yenye kuumia kwa urahisi. Ifungue kutoka kwenye kadre, iache inaning'inia kwa mnyororo na waya wake, ifunge katika kitambaa, kisha ifunge upande wa ndani, kati ya mabomba mawili ya nyuma. Ni parafujo moja tu na dakika tano za kazi. Nunua pia kile chuma kidogo kinachoishika, cha ziada, na ukitie mfukoni; kila aina ya kadre ina chake, na hutakipata Kinshasa siku ya jumapili asubuhi.

Sasa uma. Kinga ikiwa na gurudumu, ekseli yake inazuia miguu miwili ya uma isikaribiane. Ukiondoa gurudumu, hakuna tena kinachozuia. Wazungu wana kipande cha plastiki cha kuweka pale, na muuzaji wa kinga mpya anavyo vingi ambavyo anavitupa. Ukikosa, nenda kwa fundi wa mbao. Goma ni muji wa chukudu. Tuna sanamu ya chukudu ya rangi ya zahabu katikati ya barabara, na tuna mafundi wanaochonga mti mpaka unabeba mamia ya kilo kutoka Kibumba. Mwambie akukatie kipande cha mti mugumu cha sentimita 10 barabara, upana wa uma wa mbele wa kinga nyingi za zamani, na kingine cha sentimita 13 kwa nyuma. Lakini pima kwanza kinga yako, kwa maana zile mpya zenye freni za diski zina vipimo vingine. Kipande hicho cha mti kingeokoa uma wa mwandishi wenu.

Wenye freni za diski za mafuta waweke kipande cha kartoni ngumu kati ya viatu vya freni, mahali pa diski. Mtu akibana mpini wa freni njiani wakati diski haipo, viatu vinagusana na kukataa kuachana. Diski zenyewe zifunguliwe, au gurudumu lipangwe ili diski ielekee ndani.

Kwa kufunika kadre, wenzetu wa Ulaya wananunua mabomba ya sponji. Sisi tuna wauza matela, na mabaki ya sponji wanayokata hayana bei kubwa. Kata vipande, zungushia kila bomba, funga kwa kamba ya kitambaa au mpira wa ndani wa gurudumu lililozeeka, uliokatwa vipande virefu. Mpira huo ni kamba bora kuliko skochi: haukwaruzi rangi na unatumika tena siku ya kurudi. Kila mahali chuma kinapokutana na chuma kingine, weka sponji. Kisha tikisa kartoni. Ukisikia sauti, fungua tena.

Hewa ya mipira inaleta mabishano. Kampuni nyingi zinadai uitoe, na mtu wa kaunta anaweza kubonyeza kuona. Kwa kweli sehemu ya mizigo ya ndege za abiria ina hewa iliyoshindiliwa kama ile ya abiria wenyewe, na mpira mzima hauwezi kupasuka kwa sababu ya kupanda juu. Lakini hutashinda mabishano hayo kaunteni na watu 80 nyuma yako. Punguza hewa mpaka mpira ubonyee kwa kidole, usiimalize, kwani ile kidogo inayobaki inalinda janti. Wenye kinga za umeme wajue jambo moja ambalo halina mabishano: betri ya lithiamu inayozidi wati 160 kwa saa haipandi ndege ya abiria, na betri za kinga hizo huzidi hapo mara mbili au tatu.

Hapa sasa kuna jambo ambalo vitabu vya wazungu havitakuambia, kwa sababu havikuandikwa kwa mtu wa Goma. Vinashauri kufunga kila kitu kwa plastiki, tena kuna wapanda kinga wa Ulaya wanaotumia mfuko mmoja mkubwa wa plastiki unaoonyesha ndani, ili mpakiaji aone kwamba ni kinga na aionee huruma. Wazo si baya. Lakini Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki tangu 2008, na Kenya tangu Agosti 2017. Mfuko wako utabaki mpakani, na kinga itaendelea na safari bila nguo. Tumia gunia la katani, kitambaa, shuka iliyozeeka, karatasi. Kwa mvua, ambayo kwetu haingoji msimu, beba turubai dogo la kufunika kartoni mpaka ndani ya basi. Na juu ya kartoni andika kwa kalamu nene, pande zote, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, kwamba ndani ni kinga. Chora picha yake kama unaweza. Picha inasomwa na kila mtu.

Kuhusu mpaka wenyewe. Kinga inayovuka katika kartoni mpya inafanana na bidhaa mpya. Siku ya kutoka, mtu wa ushuru haoni shida. Siku ya kurudi, mwenzake anaona kinga nzuri ndani ya kartoni na anaomba ushuru wa kuingiza. Omba karatasi ya kuonyesha kwamba kinga imetoka kwa muda, yenye namba iliyochongwa chini ya kadre, pale pedali zinapozungukia. Piga picha ya namba hiyo. Piga pia picha ya kinga nzima, na ya kila hatua ya kuifunga.

Picha hizo zina kazi nyingine, na hapa ndipo tunataka wasomaji wetu watulie kidogo. Mzunguko huu wa kuchosha umemupa msafiri wa Goma kitu kimoja ambacho hakuwa nacho zamani. Alipopanda Goma na kushuka Kinshasa, safari yake ilikuwa ya ndani ya inchi. Leo anapopanda Kigali au Entebbe, ni msafiri wa kimataifa, na mzigo wake unalindwa na mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kongo imeukubali, na Rwanda na Uganda pia. Mkataba huo unasema kampuni inawajibika kwa mzigo iliokabidhiwa ukiharibika, mpaka kipimo ambacho tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni 1.519 za ile feza ya mahesabu ya IMF, yaani karibu dola 2000. Msafiri anayetaka kulindwa zaidi ya hapo anaweza kutangaza bei ya mali yake kaunteni na kulipa nyongeza.

Lakini kuna masharti. Malalamiko yaandikwe ndani ya siku 7 tangu kupokea mzigo. Ukiyaleta siku ya 10 umekwisha kushindwa. Fungua kartoni palepale uwanjani, mbele ya kutoka, na kama kuna kitu kimevunjika omba ripoti kabla hujapita mlango. Nunua tikiti moja ya safari nzima, si mbili za kampuni tofauti, ili kila kampuni isije kumusukumia mwenzake makosa. Na soma kila karatasi unayopewa kutia sahihi. Kampuni haiwajibiki kwa uharibifu uliotokana na ubovu wa mzigo wenyewe, na kufunga vibaya ndiyo silaha ya kwanza wanayoitumia. Kijana mwenye picha 20 za sponji na vipande vya mti ana jibu.

Tumesema ya msafiri. Yabaki ya wakubwa.

Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, Kigali, masaa machache kutoka hapa, ilipokea mashindano ya dunia ya kinga, ya kwanza katika Afrika. Wapanda kinga wa inchi zaidi ya 100 walipitia uwanja ule ule ambao vijana wetu wanaupitia leo. Tadej Pogačar hakufunga kinga yake mwenyewe. Timu kubwa zina mafundi, masanduku magumu na kinga za akiba. Hatuombi hayo yote. Lakini ni nani aliyeamua kwamba mchezaji wa Kivu ya Kaskazini lazima awe fundi, mbebaji, mtu wa ushuru na wakili wa mwenyewe, kisha asubuhi yake apande kinga na kushinda?

Vilabu vya Goma vinaweza kununua pamoja masanduku magumu matatu au manne, yakakopeshwa kwa anayesafiri na kurudishwa. Dola mia chache zikigawanywa kwa vilabu vyote si mlima. Shirikisho la mchezo wa kinga la inchi, linapoalika vijana wa mashariki, liweke katika bajeti ya mwaliko feza ya mzigo, badala ya kulipa kiti tu na kumuacha kijana abishane na kaunta. Feza hiyo ilipwe kutoka Kinshasa, mbele ya safari, kwa sababu kampuni nyingi zinataka ilipwe kwa kadi, na kadi ya benki kwa kijana wa Goma leo ni kitu cha kusimuliwa. Na kampuni za ndege zibandike bei ya kinga kwa maandishi. Msafiri anayeambiwa bei moja kwa simu na nyingine akiwa mbele ya mzani, saa moja kabla ya kuondoka, hana nguvu ya kukataa.

Kwa wanaosafiri posho ijayo: wauza matela huko Virunga wanafungua mapema, na fundi wa mbao anahitaji siku moja. Msingoje usiku wa mwisho.